Alama za Vikombe Mgongoni Mwangu Zilimhamisha Kaka Yangu

Taabu yangu ilianza mwaka wa 2019, nikiwa na miaka sitini na mbili. Siku hiyo nilipanda kwenye mizani ya kupimia mahindi katika kisiagi changu cha unga hapa Lurambi, mzaha tu. Mama mmoja aliyeleta mahindi akasoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mzee Lihanda, wewe ni gunia moja na debe mbili!"

Nilicheka na mimi. Lakini moyoni sikucheka.

Niliacha shule darasa la tatu. Kila nilicho nacho nilikitafuta kwa mikono hii, na tumbo langu lilikuwa ushahidi. Ila magoti yalikuwa yamekataa. Daktari wa hospitali alinipa tembe za presha, akaniambia nipunguze chakula, hasa obusuma ya jioni, yaani ugali.

Nipunguze vipi? Kwetu ukienda kwa mtu ukaacha obusuma kwenye sahani, umemtukana mwenye nyumba. Na mtu kama mimi akianza kudonoa chakula, watu watasema amefilisika. Nikatafuta njia ya kukonda huku nikiendelea kula.

Nikasikia habari za jamaa mmoja mjini Kakamega, Mkenya mwenzetu, aliyesomea dawa za Kichina. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la mbolea. Alinipa fomu ya Kiingereza. Ningemwomba anisomee... lakini mimi, mzee mzima, nimwambie mtoto wa watu kwamba hiyo lugha siijui? Niliweka alama ya hapana kila mahali. Kumbe mahali pamoja paliuliza kama ninameza dawa za presha.

Alinidunga sindano nyembamba tumboni. Akanibandikia mbegu ndogo sikioni, nizibonyeze njaa ikija. Akawasha moto ndani ya vikombe vya kioo, akavibandika mgongoni, vikavuta ngozi. Mwisho akanipa majani ya kuchemsha.

"Kikombe kimoja kwa siku, mzee. Na chakula upunguze."

Hata yeye! Nilikunywa vikombe vinne kwa siku, na obusuma nikala vilevile.

Nilikonda, kweli. Nilikuwa kama nimehamia chooni. Suruali zikaning'inia, macho yakaingia ndani. Kwenye foleni ya kisiagi watu wakaanza kunong'ona.

Siku moja mke wangu, Mama Rasoa, alikuwa ananisugua mgongo. Mkono wake ukasimama. Mgongo ulikuwa umejaa miduara myeusi.

"Baba Rasoa, umeenda kwa mrumikaji?"

Wasomaji wa mbali mjue hivi: kwetu mrumikaji ni mtu anayenyonya damu kwa pembe, atoe vitu vya uchawi mwilini. Na anayeenda kwake huwa ana mtu anayemshuku. Nilimwambia mke wangu anyamaze. Ningesema nini? Kwamba nimelipa mtu aniondolee tumbo?

Yeye alimwambia dada yake, dada akawaambia wenzake wa kanisa. Wiki haikuisha kijiji kilikuwa kimepata mchawi. Nani? Kaka yangu Mukabwa, jirani yangu, kwa sababu tulikuwa tumebishana mbele za watu juu ya mti wa mpakani. Mukabwa, aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali nikiwa na malaria! Mukabwa, aliyenipa gunia langu la kwanza la biashara!

Alikuja kisiagini mchana, watu wamejaa na mabeseni yao.

"Lihanda, zima mashine."

Nikazima.

"Watu wanasema umeenda kunyonywa damu kwa sababu yangu. Sitaki kusikia kwa watu. Sema wewe. Mimi ndiye nakuloganga?"

"Leo ni leo," mama mmoja akasema kwa sauti ya chini.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ni dawa ya kukonda, kaka. Maneno machache tu. Lakini wale wateja wote huniita Tajiri... wangenicheka mpaka sokoni.

"Wewe ndiye unajua," nikamwambia, nikawasha mashine.

Hakurudi tena. Watoto walimkimbia njiani, na kanisani benchi lake likabaki la mtu mmoja. Mwezi uliofuata alifunga nyumba yake, akaenda kukaa kwa mwanawe, mbali kule Mautuma.

Haikupita muda, nami nilianguka hapo hapo kisiagini. Hospitali walisema maji na chumvi vimeniisha mwilini, tena yale majani na tembe za presha havikupatana. Mama Rasoa alipotafuta nguo kwenye begi langu, akapata pakiti ya yale majani, yenye picha ya tumbo bapa. Akaitazama. Akacheka, halafu akalia.

"Ni tumbo? Umemfukuza mkubwa wako kwa sababu ya tumbo?"

Nilipopata nguvu nilienda Mautuma. Nilimweleza Mukabwa yote. Alinisikiliza akipukuchua mahindi, hakuacha hata mara moja.

"Nimesikia. Sasa enda useme mahali uliponisemea."

Nilifanya hivyo. Nilizima mashine, nikaeleza, nikavua shati niwaonyeshe. Miduara ilikuwa imeshapotea! Mgongo safi kabisa. Watu wakatazamana.

"Mzee, hiyo ya tumbo unatudanganya," mama mmoja akasema. "Sema tu mmepatana, sisi tufurahi."

Hakuna aliyeniamini. Nilirudi kwa Mukabwa mara nne kumwomba arudi nyumbani. Kila mara aliuliza jambo moja, kama watu wameamini, na kila mara nilirudi Lurambi peke yangu. Mwaka wa tatu aliugua, akafa. Aliwaachia watoto neno kwamba azikwe huko Mautuma, asirudishwe kati ya watu waliomwita mchawi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwa baba yake. Nilimtupia udongo kaka yangu katikati ya watu ambao siwajui hata kwa majina.

Ndugu wasomaji, dawa ya Kichina siilaumu. Yule jamaa aliniambia kikombe kimoja. Mnaotafuta kukonda, semeni ugonjwa wenu wote, na karatasi msiyoielewa msomewe. Na ukiulizwa jambo na mtu wa damu yako, jibu siku hiyo hiyo, hata kama watu watakucheka. Nani amewahi kufa kwa kuchekwa? Mimi niliogopa kicheko cha mchana mmoja, tazameni kilichonipata.

Leo nina visiagi viwili, ekari tatu za mahindi, ng'ombe wanne wa maziwa, nyumba ya matofali, na kilo mia moja na nne. Kaka sina.