Ruhusa ya Mama Mdogo

Mtoto alikuwa msafi mno. Hilo ndilo lililomsimamisha Afisa mlangoni, kabla hajaona kitu kingine chochote.

Alikuwa ameifanya kazi ya ustawi wa watoto kwa miaka mingi, na wenzake walimwita Mama Faili kwa kuwa hakuonekana popote bila faili kwapani. Alimjua mtoto aliyeachwa peke yake: midomo imepasuka, nguo zinanuka mkojo, macho yanafuata mkono wa kila mtu yakitafuta chakula. Huyu binti, ambaye majirani walimwita Kidoti kwa ajili ya alama nyeusi kidevuni, alikuwa amekaa kitandani amekatwa kucha, amepakwa mafuta, nywele zimesukwa kwa mistari iliyonyooka. Lakini jiko lilikuwa baridi, na buibui alikuwa amefunga utando kwenye mdomo wa sufuria. Chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Mama yake alianguka kazini, kwenye kiwanda cha kufua mashuka. Alipasuliwa tumbo akiwa hajitambui, na hospitali hakuna aliyejua kwamba amefungia mtoto nyumbani.

"Siku zote hizo hukumsikia akilia?" Afisa alimuuliza jirani aliyepiga simu.

"Kulia? Mtoto alikuwa anacheka! Nasikia anasimuliwa hadithi humo ndani, nikasema bibi yake amekuja. Leo ndiyo naona kufuli. Kufuli la nje, Afisa, hili mlilolivunja, na lina vumbi."

Dereva wa ofisi, ambaye hakuweza kumaliza saa bila utani, alimnong'oneza Afisa, "Bibi gani huyo anapita chini ya mlango?"

"Nyamaza wewe. Kuna mtu ana ufunguo, basi."

Afisa alipiga magoti mbele ya kitanda. "Nani amekusuka vizuri hivi, mwanangu?"

"Mama Mdogo."

"Yuko wapi?"

"Yupo. Hapendi watu wengi."

Afisa hakushangaa. Ndugu wengi walimkimbia wakiona faili, wakidhani amekuja kuwakamata. Alimweleza mtoto kwamba atakwenda kukaa kwenye makao ya watoto mpaka mama yake apone. Kidoti akashikilia ubao wa kitanda.

"Siendi bila Mama Mdogo."

Kazi ya Afisa ilikuwa na kanuni aliyoipenda kuliko zote: mtoto akiondolewa nyumbani, asikatwe na wale wanaompenda. Kwa hiyo alimshika mabega, akamwambia maneno aliyowaambia watoto wengi kabla yake. "Mama Mdogo anaruhusiwa kuja kukuona wakati wowote. Nimemruhusu mimi."

Kidoti alitazama juu ya bega la Afisa, kisha akamrudia.

"Sema tena kwa sauti. Hakusikia vizuri."

Afisa alitabasamu, akarudia kwa sauti. "Mama Mdogo anaruhusiwa! Nimemruhusu mimi!"

Nyuma yake, mtu alishusha pumzi, pumzi ndefu kama ya mtu aliyetua mzigo. Aligeuka akidhani ni dereva. Dereva alikuwa nje, amesimama kando ya gari, anachezea funguo.

Garini mtoto alijibana dirishani, akaacha kiti kizima kitupu.

"Sogea katikati, mjukuu wangu, usije ukaumia na mlango," dereva alisema.

"Nafasi hakuna, babu."

Dereva hakutania tena mpaka walipofika.

*

Mama yake Kidoti alipoanza kuzungumza, Afisa alikwenda wodini kumpa habari njema: mtoto ni mzima, anakula, na yule mdogo wake anamtembelea.

"Mdogo wangu?" Mgonjwa alijaribu kuinuka, akashika mshono. "Dada, mimi kwa mama yangu nimezaliwa peke yangu."

Kisha akasimulia, kwa sauti ya chini ili kitanda cha pili kisisikie. Tangu Kidoti anazaliwa, kila alipofunga mlango kwenda kazini, kulikuwa na sauti ya kike upande wa ndani wa mlango, sauti ya upole, inamwomba: *Niruhusu nikushikie mtoto, mwenzangu. Unachoka. Niruhusu tu.* Bibi yake alishamwonya utotoni kwamba wale wasioonekana hawachukui, wanapewa. Kwa hiyo hakujibu hata mara moja. Alifunga kufuli, akaenda kazini analia njia nzima.

"Asipojibiwa anaweza kukaa na mtoto, kumchezesha, kumlisha. Lakini kuwa mzazi hawezi mpaka aruhusiwe na mkubwa." Alimshika Afisa kifundo cha mkono. "Hukumruhusu, dada yangu. Niambie hukumruhusu."

Afisa alitazama mirija ya dripu.

*

Kwenye makao, mlezi mkuu alikuwa mama mnene asiyeamini kitu kisichopigwa muhuri, naye sasa alikuwa ananong'ona.

"Mlinzi hajamwona mtu akipita getini. Lakini kila siku mchana Kidoti anakwenda chumba cha wageni, anakaa, anacheka. Wenzake wamehamia meza ya mbali. Kile kiti cha mbele yake, Mama Faili, nilikigusa alipoondoka. Kina joto."

"Na mama yake? Anamzungumzia?"

"Hilo ndilo linalonitisha. Mwanzo alimlilia. Halafu akasema amesahau sauti yake. Jana nilimuuliza mama yako anafananaje. Akaniuliza, mama yupi?"

Dereva alimleta shemeji yake, mtu mwembamba wa miwani aliyejulikana kwa kutoa majini. Mlezi mkuu alianza kukataa, akisema hapa ni makao ya serikali, kisha akawafungulia mlango mwenyewe.

Ilikuwa mchana kweupe, jua limeingia mpaka katikati ya chumba cha wageni, na watoto walisikika wakicheza mpira uani, lakini mara tu mganga alipoanza kusoma, sauti zile za uani zilififia kana kwamba mtu alikuwa anazifunika kwa mto, ile harufu ya majivu yenye maji ikapanda kutoka sakafuni, na kile kiti kitupu kikajivuta chenyewe, taratibu, miguu ikikwaruza saruji, mpaka kikagusana na kiti cha mtoto. Mganga alivua miwani.

"Waliojiingiza nimewatoa wengi," alisema. "Huyu anasema yupo kihalali. Aliyempa ruhusa ana mamlaka."

Afisa alisimama. "Mimi ndiye niliyempa. Sasa naiondoa!"

Kidoti aliinamisha sikio pembeni, akasikiliza, kisha akasema kwa sauti yake ileile ya kitoto, "Mama Mdogo anauliza, kwa kosa gani? Amenipiga? Amenilaza na njaa? Amenifungia ndani peke yangu?"

Ni maswali ambayo Afisa aliwauliza wanawake maisha yake yote. Alitafuta kosa moja tu, moja la kumtia hatiani, na hakulipata. Na aliyemfungia mtoto ndani alikuwa yule aliyelala wodini.

Mganga alikusanya vitu vyake. Hela aliikataa.

*

Mama aliruhusiwa kutoka hospitali, akafika makao akitembea polepole, mkono tumboni. Kidoti aliletwa kwenye chumba cha wageni. Afisa akauliza swali analotakiwa kuuliza kabla ya kumkabidhi mtoto yeyote.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

Mtoto alimtazama mama yake kwa adabu, kisha akainua uso upande mwingine, kwenye hewa tupu.

"Mama Mdogo, huyu mama analia nini?"

Mlezi mkuu alifunika uso kwa khanga. Mama alikaa chini, palepale sakafuni. Alipoinua kichwa hakumtazama mtoto wala Afisa. Alitazama pale mtoto alipotazama.

"Haya," alisema. "Umeshinda. Twende sote nyumbani. Unanisikia? Nimekuruhusu na mimi. Lakini aniite mama."

Chumba kikashusha pumzi. Kidoti akapepesa macho kama aliyeamshwa, akamwona. "Mama! Ulikuwa wapi?"

Afisa hakuwa na kosa la kuandika wala sababu ya kuwazuia. Alisimama getini akawaangalia wakishuka barabara, mama kulia, mtoto katikati ameinua mkono wa kushoto kwenye hewa tupu. Walipofika kwenye mtaro wa maji machafu, mtoto alirushwa juu, kama wazazi wanavyofanya, avuke bila kuchafuka. Miguu yote miwili iliondoka ardhini, na mabega yake yote mawili yalikuwa sawasawa.