Kijiti cha Tatu cha Mti wa Nne

Cheka. Cheka mpaka umalize, kisha nenda Siyu ukamshike Fadhil mkono wa kulia. Ukirudi ungali unacheka, kofia yangu hii uivae wewe.

Mwaka huu wa hamsini na sita, baada ya mvua, bwana mmoja wa misitu alikuja kutoboa miti mikubwa ya Siyu ajue umri wake. Kekee yake huingia shinani ikatoka na kijiti chembamba chenye miduara. Kila mti ulitobolewa mara mbili, kila kijiti kikatiwa ndani ya tete, kimwanzi chembamba chenye uwazi, na tete likaandikwa jina, mfano SIY04B. Karani Fadhil ndiye aliyetuchambulia majina hayo: herufi za mbele ni mahali, tarakimu ni mti, herufi ya mwisho ni kijiti. A na B, basi. Mimi niliyetoroka shule nilielewa papo hapo. Wenye vyeti waliomba warudiwe.

Adhuhuri moja Fadhil akakuta tete geni mezani. SIY04C.

"Mti wa nne una C?" akamnong'oneza mkewe Hadia, aliyemletea chakula.

"Karani ni wewe, bwana. Mimi naona tete tupu."

Tupu kweli. Lakini laasiri chumba kikanuka udi, wala hapakuwa na chetezo. Kisha kekee ikaanza kukereza, krr, krr, nayo imetundikwa ukutani haijaguswa na mtu, na Fadhil akahisi baridi ikimpanda mkononi polepole, na alipoinamisha mato akaona tete limejaa kijiti cheupe ambacho si mti, chenye miduara myembamba kama ya uzi, na kwenye mkono wake wa kuandikia pana tundu la duara, safi, lisilotoa damu hata tone.

"Hadia, ndoo! Ndoo utezame! Usiniguse!" akamwita mkewe aje.

Akaitwa Bi Mwanatumu, mganga. Akanusa tete, akarudi nyuma.

"Jini la mti wa nne halikuja lenyewe. Mtu ameandika jina la kitu kisichokuwapo, nalo limekitafuta kitu likakileta. Hili ni kama kombe, aya za kuandikwa sahanini zikaoshwa, wanangu: aliyeandika ndiye aoshe, kwa marashi, kwa mkono wake. Aje kabla ya magharibi, mkono utapona."

"Na asipokuja?" Hadia akauliza kwa sauti ya chini.

Bi Mwanatumu akamwonyesha mlango.

Hadia akabisha nyumba kwa nyumba, buibui limemvuka kichwani, akilia, "Aliyeandika na aje, sitamtaja kwa mtu!" Hakuja mtu. Jua likazama. Mkono wa Fadhil ukakauka kama ukuni. Hata kalamu haushiki, na kazi kapewa mwingine.

Haya, sasa lile nililoliruka. Ile C niliandika mimi, kumtania tu, niione sura yake. Hadia alipobisha kwetu nilijifunika shuka nikajifanya nimelala. Juzi nimekwenda na marashi, nimesugua mpaka tete limepasuka. Herufi haitoki.

Na leo nimeamka nimekuta tete juu ya mto wa kulalia, kitandani mwangu. SIY04D. Mwandiko ni wangu, na sijaandika.

Bado ni tupu.