Pingili za Mlamula

Kilichoanza kumshangaza Agness ni udongo. Alikuwa amepanda pingili arobaini za mti wa mlamula kuizunguka nyumba, mwezi wa saba, jua la kiangazi, wakati ambao mtu mwenye akili zake hapandi kitu. Lakini kila asubuhi, kabla hajagusa ndoo, mashimo yote yalikuwa yameshalowa. Siku ya tisa pingili zote zilikuwa na machipukizi.

"Mkono wako una baraka," mumewe Rwekaza alimsifu. "Mbegu umeitoa wapi?"

"Nimepewa kule Nyamiaga," alijibu upesi, akainamia samadi.

Mwongo mkubwa! Alizikata kaburini kwa Deodata, mke wa kwanza wa Rwekaza, aliyefariki siku aliyomzaa Teddy. Huko kwao Biharamulo mlamula hupandwa mpakani mwa shamba, na hupandwa juu ya kaburi migombani ili aliyelala pale asipotee. Ukiung'oa, umemfuta mtu. Agness alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alikata mpaka shina la mwisho. Kuzitupa pingili aliogopa, ndipo akazipanda nyumbani. Teddy alikuwa ametimiza miaka sita na ameanza maswali. Agness ndiye aliyemlea tangu akiwa kichanga, na hakutaka asikie kwamba ana mama mwingine. Rwekaza naye tangu mazishi hakukanyaga tena upande ule.

Jumamosi mchana, akimwagilia, alinusa maziwa. Hayakuwa ya ng'ombe. Yalikuwa ya mzazi, yaliyochachia nguoni. Kisha akasikia mtu anabembeleza mtoto kwa sauti ya puani, karibu kabisa, na alipogeuka sauti ikahamia pingili ya pili, akaifuata, ikahamia ya tatu, na ndoo ingali mkononi akazunguka nyumba nzima akiifuata mpaka nyuma ya jiko, ambako alimkuta Teddy amechuchumaa, macho ameyafumba, ncha ya jani mdomoni, na kidevuni pakimtiririka kitu cheupe.

"Teddy," alinong'ona, "unakula nini?"

"Sili. Nanyonya." Mtoto hakufumbua macho. "Anasema nina njaa tangu nilipozaliwa."

Kuanzia siku ile Teddy hakupokea tonge mkononi mwa Agness. Juma lilipoisha mbavu zilihesabika, na Rwekaza, Mkatoliki wa kila Jumapili, akaenda kimyakimya kumwita Luhende, mganga.

Luhende aliuzunguka ua mara moja tu. Mkoba wake hakuufungua.

"Mama, nyumba yako umeizungushia kaburi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hakuja kuwavamia, mmemleta. Dawa sina. Aliyeficha aseme, na mtoto asikie."

Agness alijiona kama aliyevuliwa nguo sokoni. Akasema yote, macho chini: kisu, kaburi, Nyamiaga. Rwekaza alichukua jembe akaanza kung'oa. Afadhali angemtukana.

Wakazibeba pingili hadi migombani, wakazirudisha juu ya kaburi moja moja, wakazimwagilia. Rwekaza alisimama na jembe lake, Luhende kando yake. Agness akapiga magoti mbele ya Teddy.

"Mama yako amelala hapa. Anaitwa Deodata. Mimi ndiye niliyekuficha habari hii."

Teddy aliutazama udongo, kisha akainama kwa heshima kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilitoka chini, nzito, na jembe likamponyoka Rwekaza. Majani yakatikisika pasipo upepo, halafu harufu ya maziwa ikakatika. Teddy peke yake hakuogopa. Alijifuta kidevu.

"Nasikia njaa," alisema.

Agness alilia kwa furaha, akamnyooshea mkono waende jikoni. Mtoto aliutazama ule mkono, asiushike.

"Na wewe sasa," aliuliza, "nikuite nani?"