Ndugu wa Mstari wa Sita

Orodha ya ukoo ilikuwa na mistari mitano, na Fundi aliijua kwa kichwa. Kazi ya mama huyu ilikuwa kusaga lenzi kwenye karakana ya duka la miwani, lakini umbea wa damu ulimshinda, akaanzisha kundi la vinasaba mtandaoni. Wa kwanza alikuwa binamu yake kinyozi, wa pili baba yake mdogo, dereva wa lori, wa tatu shangazi, wa nne yeye mwenyewe, wa tano binti yake. Asubuhi ile akafungua kompyuta na kukuta mstari wa sita. Haukuwa na jina. Matokeo yalisema huyo wa sita ana undugu na wote watano kwa kiwango kile kile, jambo lisilowezekana, maana hakuna mtu aliye karibu na shangazi yako sawasawa na alivyo karibu na mwanao.

Wiki moja nyuma alikuwa ameitoa orodha kwenye "wanakundi tu" na kuiweka "wazi kwa wote". Shangazi alikuwa ametoa mate yake ya kipimo kwa sharti moja, asione mtu wa nje. Fundi alimwitikia vizuri sana, kisha akaona ukoo wa watu watano unatia aibu, akafungua mlango apate wengine. Binti yake hata hakuulizwa. Alimpitisha kijiti cha kipimo shavuni akidai anamwangalia jino.

"Mitambo hiyo, imekosea," akajiambia. Ila karakana nzima ilinuka nywele zilizoungua.

Saa sita mchana kinyozi akakutwa ndani ya duka lake, mlango umefungwa kwa ndani. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, ngozi ya kichwa imebanduliwa yote na kusindiliwa kinywani mwake. Kesho yake, saa ile ile, baba mdogo akavutwa kupitia dirisha la lori lililokuwa wazi upana wa kiganja. Walimkusanya kwa turubai.

Siku ya tatu shangazi akaingia karakanani bila hodi, mkoba umebanwa kwapani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba ya nini saa hizi? Umeifungua orodha." Alinong'ona, macho yakizunguka kuta. "Babu yako alimtumikisha jini miaka na miaka, akamdhulumu. Jini akaapa kuimaliza damu yake. Mganga alishindwa kumuua, akamfumba macho tu, aone dunia nzima isipokuwa sisi. Unadhani kwa nini tulitawanyika? Kwa nini hatualikani harusi, hatuzikani? Tulihofia mtu atakayemwonyesha nani ni wa nani. Wewe umemwandikia kabisa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia usimwonyeshe mtu. Ilitosha. Sasa futa. Jini hawezi kumgusa asiyemwona."

Fundi akabonyeza. Tovuti ikajibu kwamba kwa usalama wa faragha, mstari haufutwi mpaka mwenyewe athibitishe kwa namba iliyotumwa kwenye simu yake. Shangazi akatia mkono mkobani, na hapo mashine ya kusagia lenzi, iliyokuwa haimo hata kwenye umeme, ikaanza kuzunguka.

Jiwe lilizunguka kwa kasi ambayo Fundi hakuwahi kuiona, maji ya beseni yakachemka na harufu ya nywele ikajaa mpaka kooni, na kitu kisichoonekana kikamnyanyua shangazi kwa shingo, kikampigiza ukutani mara tatu, fremu za miwani zikamwagika, kisha kikamburuta mpaka mezani na kuusukuma mkono wake wa kulia kwenye jiwe, vidole kwanza, halafu kiganja, halafu kifundo, damu ikiruka hadi dari, naye mama wa watu, simu ikiwa mkono wa kushoto, anasoma namba moja moja kwa meno yaliyoumana, na Fundi anaandika, anakosea, anafuta, anaandika tena.

Mstari wa tatu ukapotea. Shangazi akaanguka sakafuni, yu hai.

Papo hapo kucha tano zikazama shavuni mwa Fundi. Namba yake ilikuwa mbele ya macho yake; akaiandika huku nyama ikichanika kuelekea jichoni. Kucha zikaachia. Jiwe likasimama.

Kimya kile kilimtisha kuliko kelele. Alijua mstari uliobaki. Akampigia binti yake, aliyekuwa mapokezi ya hoteli moja ng'ambo ya mji.

"Mama, nina wateja."

"Umetumiwa namba. Tarakimu sita. Nisomee."

"Za nini?"

"Za kukufuta kwenye orodha ya ukoo."

"Orodha gani? Nani alinitia?"

"Lile jino, mwanangu. Nilikudanganya. Nilijua ungekataa."

Binti akasoma, sauti ikitetemeka kwa hasira, na aliposema ya sita mstari wake ukapotea. Fundi akafuta vilevile majina ya marehemu, kwa kuwa simu zao zililetwa kwake na mali zao. Ukabaki ukurasa mtupu. Hata yule wa sita hakuwapo. Akamfunga shangazi mkono kwa aproni, wote wawili wakalia.

"Yamekwisha?" shangazi akauliza.

Fundi akafuta damu kwenye kioo cha kompyuta. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa: Orodha hii imepakuliwa mara 1.

"Kuna mwenye nakala," akasema.

Simu ilikuwa bado hewani.

"Mama, upo? Nimekukasirikia, tutaongea nyumbani. Ila huyu ndugu yenu mbona hukuniambia anakuja? Ana karatasi, sote watano tumo."

"Usimkaribishe. Mwanangu, toka hapo."

"Nimeshamkaribisha, Mama. Ningemwachaje mlangoni?"

Nyuma ya sauti yake Fundi akasikia kiti kikivutwa, na hapo mezani kwake jiwe likaanza tena kuzunguka.