Maikromita Iliyofumba Mdomo

Maikromita ya Harlan Teague ilifika imefumba mdomo, na hilo peke yake lingetosha kumwonya mtu mwenye akili. Fundi chuma yeyote wa Ohio, hata yule anayekereza vifungo vya kuchezea siku za Jumapili, anajua kwamba kipimo kile cha unene wa vyuma hakihifadhiwi kimefungwa. Unaacha upenyo kidogo kati ya midomo yake miwili ili chuma kipumue, la sivyo joto likibadilika kinajibana na kuharibika. Kwao ni adabu, kama kufunika chakula.

Delbert Oberholt alikuwa na adabu hiyo. Akili ndiyo iliyompungua. Alikuwa mstaafu mwenye kipara, kitambi, na chumba cha chini ya nyumba kilichojaa vyuma ambavyo mkewe Verna alishachoka kuviulizia. Yeye na wazee wenzake ishirini hivi, waliotawanyika kila jimbo, walikuwa na sanduku lao la kuzungushana kwa posta. Likikufikia unachukua unachotaka, unatia kilichokuzidi, unalituma kwa anayefuata kwenye orodha. Bure. Na wanaume wa aina ile ukiwaambia bure, hata kutu wanaipokea kwa mikono miwili.

"Mtu mzima kama Harlan anafunga maikromita hivi?" alisema, akiinua kutoka sandukuni kile kipimo chenye umbo la kiatu cha farasi. "Tazama, tena imebana unywele!"

"Wa nani?" aliuliza Verna kutoka ngazini.

"Nitajuaje? Mrefu. Wa mwanamke."

"Basi Harlan ana mambo. Shika kazi yako."

Delbert alizungusha mpini, midomo ikaachana. Akaupuliza ule unywele ukapotelea sakafuni, akapangusa midomo kwa karatasi safi, akaacha upenyo kama alivyofunzwa na baba yake, akaiweka mezani.

Mchana ule ule Verna akiwa anamenya viazi alisikia kutoka chini: tik. Ni sauti ya kifundo cha mwisho wa mpini wa maikromita, kinachokwaruza kukuambia umekaza vya kutosha. Hakushtuka. Alishtuka alipogeuka akamwona Delbert sebuleni, anakoroma na gazeti kifuani.

Kesho yake pete ya ndoa ilimbana Verna kidole ikabidi aitoe kwa sabuni. Droo za sanduku la zana zikagoma kufunguka. Kiti cha jikoni, kilichopita mlango ule miaka thelathini, kikakwaruza nguzo zote mbili. Na nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua, hasa karibu na ngazi.

"Mbao zimevimba," alisema Delbert.

"Mbao zinavimba wakati wa joto na unyevu, Delbert. Huu ni Januari, baridi na hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Unamdanganya nani?"

Delbert akachukua futi, akapima mlango, akaandika ukutani kwa penseli. Jioni akapima tena. Mlango ulikuwa umepungua unene wa sarafu. Mtu mwingine angechukua koti na mke akaondoka. Huyu macho yalimng'aa.

"Pande zote sawa, Verna! Hata mashine yangu ya kukerezea haikati sawa namna hii!"

"Twende kwa Joleen," Verna alisema. Joleen ni binti yao, yuko Indiana, na alikuwa na mimba ya kwanza, ya kujifungua Machi. Verna alishafuma kofia nne za mtoto. "Nilikuwa niende tu. Twende mapema."

"Jumatatu. Niache nipime mpaka Jumatatu."

Jumamosi, saa nane mchana, theluji ikianguka nje, Verna alisikia jina lake likiitwa kutoka chini, polepole, kama linavyoitwa kanisani.

Akashuka, na kadiri alivyoshuka kuta za ngazi zikamgusa bega moja, kisha yote mawili, mpaka ikabidi aende kiubavu kama kaa, huku ile harufu ikimjaa kooni na ile tik, tik, tik ikifuatana kama mtu anayehesabu kwa haraka asije akakatizwa, na alipofika chini akaona kwamba palipokuwa na mlango wa kupitisha jiko zima sasa pana ufa usiopitisha hata sinia, na katika ufa ule uso wa mumewe umelowa jasho, jicho moja, nusu ya pua na nusu ya mdomo.

"Usipige kelele," alinong'ona Delbert. "Nikipiga kelele inakwenda mbio."

"Nini inakwenda mbio?"

"Maikromita. Inajifunga yenyewe. Nikiifungua inarudi. Kila ikilia, kuta zinasogea." "Verna, meza imeshafika mgongoni mwangu."

Verna hakulia. Alipanda, akachukua kadi ya orodha iliyokuja na sanduku, akapiga simu kwa Harlan Teague, Pennsylvania. Alipokea mwanamke.

"Mimi ni mke wa Delbert Oberholt. Maikromita mliyotuma..."

"Ameifungua," alisema yule mwanamke. Hakuwa anauliza. "Jumanne, saa tano asubuhi. Najua. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, mguu ukatoka nje. Baada ya miaka kumi na mmoja, dada yangu. Nimekanyaga majani yangu mwenyewe, chini ya theluji."

"Mume wangu anabanwa huko chini! Nifanye nini?"

Leota Teague, ndilo jina lake, akasema kwa sauti ndogo, "Kile kitu kinatafuta cha kushika. Kisipopata, kinashika nyumba na aliyemo. Kipe unywele wa kichwani, wa mtu wa nyumba hiyo, atoe kwa hiari. Kikiuma kitatulia."

Watu wa kule wanasema "kile kitu". Wanadhani jini usipolitaja halitakusikia.

"Na mwenye unywele?"

"Hatavuka kizingiti cha nyumba yake, kama mimi, mpaka itakapofunguliwa. Na huwezi kuifungua mwenyewe, maana inaanza upya hapo hapo ilipo."

"Mnatuma kitu kama hiki bila hata neno moja?"

"Harlan aliandika barua ya kuwaonya," alisema Leota. "Niliitoa sandukuni mimi." Akakata simu.

Verna akashuka tena. Ufa sasa ulitosha mkono tu.

"Unywele," alinong'ona. "Wa kichwani."

Delbert akacheka, au akalia, ilikuwa vigumu kujua. "Wa kichwani! Na kipara hiki!"

"Nilijua siku moja kitatuponza. Shika."

Aling'oa mmoja, mrefu, wa kijivu, akaupenyeza. Vidole vyake vilipotoka ngozi ilichunika. Alisikia mumewe akihangaika, akinung'unika sala aliyosahau nusu yake, kisha tik, tik, tik, tatu zilizoshiba, na kimya. Nyumba nzima ikatoa pumzi. Delbert akatoka kwa miguu yake, akamkumbatia pale ngazini, na Verna akahisi kitu kimoja tu: kwamba kisogoni mwake, pale alipong'oa, kuna mtu ameushika unywele usiokuwepo na anaujaribu kama kamba.

Asubuhi alikwenda kuchukua barua kwenye kisanduku cha barabarani. Mguu ukafika kizingitini, kichwa kikavutwa nyuma.

Machi mtoto alizaliwa. Joleen akapiga simu. "Mama, unakuja lini?"

"Mgongo, mwanangu. Ngoja mgongo upoe."

"Mama, ni mgongo au kuna jambo?"

"Nimesema mgongo."

Delbert alijifunza kupika mayai, yakawa mabaya. Maikromita aliifungia kwenye droo, ufunguo mfukoni.

"Sitamfanyia mtu alichotufanyia Harlan," alisema. "Nitakaa na wewe humu ndani mpaka nife."

"Wewe ulikuwa humu ndani siku zote," alisema Verna. "Una chumba chako huko chini. Mimi ndiye nilikuwa na mahali pa kwenda."

Septemba sanduku likazunguka tena likafika. Safari hii anayefuata alikuwa Wendell Pruss wa Iowa, aliyeandika kwenye kadi kwamba wanawe wawili hupenda kumtazama akikereza. Mchana Delbert alipolala kitini, Verna akautoa ufunguo mfukoni mwake. Akaiviringisha maikromita kwa kitambaa safi, akaiweka katikati ya vyuma vingine. Aliandika barua, ukurasa mzima, kwa mwandiko wake mzuri: msiifungue, msiifungue kwa lolote. Akaiweka juu. Akasoma tena ile kadi, hadi pale penye wanawe wawili. Kisha akaitazama picha ya mjukuu kwenye jokofu, ana miezi sita na meno mawili.

Mtu wa posta alipogonga, sanduku alimpa kwa kulipenyeza mlangoni, mikono yake ikiishia kizingitini. Barua ilikuwa mfukoni mwa aproni.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, alikuwa anafagia karibu na mlango. Kisogo kikalegea. Aliweka ufagio chini, akachukua mkoba, kofia nne ambazo sasa hazitamtosha mtoto, na ufunguo wa gari. Mguu wa kwanza ulivuka. Wa pili ulivuka.

Alikuwa ameshawasha gari simu ilipolia ndani ya nyumba. Kupitia dirisha lililo wazi alimsikia Delbert akipokea.

"Nani? Pruss? Sema polepole, bwana... Ilikuwa imebana nini?"

Kisha sauti ya mumewe, si ya hasira, ya mtu aliyeona kitu mlangoni mwake: "Verna. Verna, ulitia barua?"

Verna akapandisha kioo cha gari, akakanyaga mafuta. Kwa Joleen ni mwendo wa saa tano, na alitaka kufika mtoto hajalala.