Baba Hayupo

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, msichana mmoja wa darasa la sita alivuka barabara, akapita geti la chuo kikuu na kupanda ngazi hadi ghorofa ya pili, ambako mama yake alikuwa mkuu wa ofisi ya ufadhili wa masomo. Makarani walimwita Bosi Mdogo. Alijifanya hapendi jina hilo, lakini siku wakisahau kumwita hivyo alinuna.

Kazi ya ofisi ile aliifahamu vizuri kwa kusikia. Watu wenye uwezo, wengi wao wakiishi mbali, walitoa fedha ili wanafunzi wasiojiweza wasome. Mama yake alipitia maombi, akachagua wanaostahili, kisha akawaandikia wafadhili kuwaeleza kila mwanafunzi ni nani na ana hali gani nyumbani kwao. Mama alipenda kusema kwamba wafadhili hawawaoni wanafunzi, wanaona karatasi tu, kwa hiyo karatasi lazima iseme kweli. Bosi Mdogo aliruhusiwa kubana karatasi kwa pini na kupanga mafaili. Kompyuta za ofisi zilikuwa marufuku kwake.

Aliketi karibu na karani mkongwe aliyeitwa Babu Mihuri, kwa kuwa mihuri yote ilikaa kwenye droo yake, na hakuna aliyepigiwa muhuri bila kuulizwa maswali matatu. Hata mkuu mwenyewe aliulizwa.

Alasiri moja Babu Mihuri alishikwa na homa, akaenda nyumbani mapema. Mama alikuwa kikaoni. Kompyuta ya mzee ilikuwa imeachwa wazi, ikionyesha jedwali lililojazwa nusu, na kando yake palikuwa na fomu za wanafunzi. Wafadhili walitaka jedwali hilo siku ileile. Bosi Mdogo alitazama mlango, akatazama kiti. Tayari alijiona akisifiwa mbele ya ofisi nzima. Akakaa.

Kazi ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Jina, masomo, mama, baba. Penye baba, jedwali lilikubali maneno mawili tu, "hai" au "marehemu". Alibofya fomu baada ya fomu mpaka akafika kwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili. Hapo, penye baba, mwanafunzi alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu neno moja: hayupo.

Bosi Mdogo akasita. Akakumbuka jinsi watu wazima walivyonong'ona kuhusu jirani yao aliyezikwa, kwamba hayupo tena, maskini. Basi ni mambo yaleyale, akajiambia. Akabofya "marehemu", akamwonea huruma kidogo mwanafunzi yule, kisha akaendelea.

Mama aliporudi mbiombio na kukuta jedwali limekamilika, alidhani Babu Mihuri ndiye aliyelimaliza kabla ya kuondoka. Alimsifu mzee asiyekuwepo, akalitupia jicho jedwali juujuu, akatia sahihi na kulituma. Bosi Mdogo alisikia sifa zile zikimwendea mwingine. Hakujua kama akisema atasifiwa au atagombezwa, akaona heri anyamaze.

Zikapita wiki tatu. Alasiri moja aliingia ofisini mwanamume mrefu mwenye shati la vumbi la safari, funguo za lori zikining'inia kidoleni. Alisalimia kwa adabu, akaomba kumwona mkuu. Mama alimpa kiti na kumuuliza amsaidie nini. Mgeni alitoa bahasha, akaiweka mezani taratibu.

"Wafadhili wa binti yangu wametuma barua ya rambirambi nyumbani kwangu," alisema. "Wanampa pole kwa kufiwa na baba yake. Sasa mama, baba yake ndiye mimi."

Kalamu ilimponyoka mama ikabingirika hadi chini, wala hakuinama kuiokota. Bosi Mdogo, aliyekuwa akipanga mafaili, aliacha kazi.

Mgeni huyo, dereva wa lori, hakuwa amekuja kuchekesha watu. Barua ilifika yeye akiwa bado njiani, simu yake haipatikani. Mke wake aliifungua, akaamini kwamba lori limepata ajali na chuo kimepata habari kabla yake, akaanguka palepale. Kwa siku mbili nyumba ilijaa waombolezaji. Binti yao aliacha masomo akakimbilia nyumbani. Dereva alipoegesha lori mlangoni, watoto wake wadogo walimkimbia wakipiga mayowe, na mke wake alimshika uso kwa mikono miwili.

"Binti akawapigia wafadhili kwa furaha, kuwaambia niko hai," alimalizia dereva. "Wakamjibu kwamba kumbe aliwadanganya ili apate ufadhili."

Mama alikuwa amepokea malalamiko ya wafadhili asubuhi ileile. Walitaka mwanafunzi huyo aondolewe, na barua ya kumwondoa ilikuwa hapo mezani ikingoja sahihi. Mama aliitisha faili haraka. Fomu ilipofunguliwa, wote walilisoma neno lile la buluu.

"Nilikuwa safarini miezi miwili," alisema dereva. "Angeandika nini tena?"

Nani basi aliyeandika marehemu? Macho yote yalimgeukia Babu Mihuri. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Jedwali ni langu, Mkuu," alisema kwa sauti ndogo. "Siku ile nilikuwa na homa, huenda macho yalinichezea. Kama kuna mtu wa kuondoka, niondoke mimi, si mtoto wa watu."

Bosi Mdogo alipigwa na butwaa. Mzee hakuwa ameigusa fomu ile hata kidogo, na hapa alikuwa anaubeba mzigo usio wake. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alisimama.

"Mama, si Babu," alisema. "Niliyeandika ni mimi."

Alieleza yote, mpaka lile la kusikia mzee akisifiwa na kunyamaza. Alingoja kugombezwa mbele ya watu, lakini kilichofuata kilimshtua zaidi. Mama aliichukua barua iliyongoja sahihi, akaichana vipande viwili, kisha akamgeukia dereva.

"Baba, mtoto amekosea, lakini sahihi ni yangu. Nilituma nisichokisoma. Naomba unisamehe."

Palepale akawapigia wafadhili simu, huku wote wakisikia. Hakupunguza neno. Alisema mwanafunzi aliandika kweli na ofisi ndiyo iliyoigeuza kuwa uongo. Hatimaye wafadhili wakakubali kwamba binti aendelee na masomo, ila fomu zote zihakikiwe upya. Mama alijua pia kwamba chuo kitampa onyo la maandishi, na alilisema hilo bila kulalamika.

Kisha akamvuta bintiye karibu.

"Ungeniuliza tu, 'hayupo wapi?', mama wa watu asingelia siku mbili," alisema. "Usipoelewa neno la mtu, muulize, usimjazie la kwako. Na ukikosea, sema mapema. Umeona? Umenyamaza wiki tatu, kosa lako likamwangukia Babu na mwanafunzi ambaye hata hujawahi kumwona. Jumamosi tutakwenda wote kumwomba mama yake radhi."

Bosi Mdogo aliitikia huku akilia. Alimshika Babu Mihuri mkono na kumwomba msamaha, na mzee akampigapiga begani.

Ilibaki fomu mpya. Dereva aliomba aandike mwenyewe. Penye baba aliandika kwa herufi kubwa: YUPO. Babu Mihuri alifungua droo, akatoa muhuri, akauinua, kisha akamtazama mgeni juu ya miwani.

"Una uhakika?" aliuliza.

Dereva alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie, na muhuri ukashuka. Bosi Mdogo hakuweza kucheka. Alisimama kando ya meza akilitazama neno lile mpaka wino ukakauka.