Shimo Lililofukiwa Kilimani Harrator

Jiwe la mwisho lilikuwa limeibwa. Safu nzima ya mawe ilikuwa imesimama kama ilivyoachwa na watu wa kale, kabla hata chuma hakijajulikana, ikipanda taratibu mpaka juu ya kilima cha Harrator. Pale lilipopaswa kuwapo jiwe la kumalizia palikuwa na nyasi tu.

"Nimewaleta wageni kuliona, nikawaonyesha hewa," alisema Thirza Northcott, mwalimu mstaafu anayewatembeza watu kwenye nyika ya Dartmoor, Uingereza. "Mmoja kaniuliza kama nina uhakika na njia. Mimi!"

Inspekta Merryn Luscombe alipiga magoti. Alikuwa ametembea asubuhi nzima, buti zake zimeingia maji, na hakuwa na haraka. Nyika ilikuwa imetulia. Kondoo waliendelea kula bila kujali serikali.

Sajini Prowse alifika nyuma yake akihema. "Afande, kesi hii imekwisha. Blatchford yuko mahabusu tangu jana. Anauza mawe ya bustani, na mwaka juzi tulimnasa na jiwe la kanisa. Tumshtaki, tukanywe chai."

"Amekiri?"

"Analia tu. Anasema safari hii kasingiziwa."

"Jiwe limekutwa kwake?"

"Bado."

"Basi chai itangoja. Shimo liko wapi?"

Prowse akatazama chini. "Limefukiwa."

"Limejazwa kokoto, likashindiliwa, likafunikwa kwa kipande cha udongo na nyasi zake. Blatchford angejisumbua hivyo?"

"Alikuwa anaficha ushahidi."

"Jiwe linalokufika kifuani limetoweka, utalifichaje kwa nyasi? Huyu hakuficha kitu, sajini. Aliogopa kondoo asije akavunjika mguu."

"Mfugaji huyo," alisema Thirza. "Nani mwingine angekumbuka?"

Luscombe, binti wa wafugaji, alilijua hilo hata kabla hajaambiwa. Watu wa huku wanaweza kununiana na ndugu zao mpaka kaburini, lakini hawaachi shimo wazi wala lango bila kulifunga. Mkono unafanya wenyewe. Moyo ulimwuma, maana sasa mwizi ilibidi amtafute kwa watu wake.

Alizipapasa zile nyasi. Zilikuwa laini, na katikati yake mlikuwa na klova, yale majani ya malisho yenye vijani vitatu vitatu. Nyasi za nyikani ni ngumu, na klova haioti huku juu. Kipande kile kilikuwa kimekatwa kwenye shamba la nyumbani, na nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu, ya Digory Endacott, bondeni.

"Lakini hakuna alama za magurudumu," alisema Prowse.

"Kuna nyayo za farasi."

"Si ziko kila mahali? Farasi wanazurura nyika nzima."

"Ndiyo maana hukuzitazama."

Wakamwacha Thirza kwenye safu yake ya mawe, wakateremka. Kando ya lango la Endacott, katikati ya klova, palikuwa na mraba mtupu wa udongo. Prowse aliutazama, na habari za chai hakuzitaja tena. Mzee mwenyewe akatoka zizini.

"Merryn! Umenenepa."

"Na wewe umekonda, Mzee Digory. Jiwe liko wapi?"

"Jiwe gani?"

"Usinichoshe. Kuna mtu yuko mahabusu kwa ajili yako."

Mzee akabadilika uso. "Nani?"

"Blatchford."

"Yule si mwizi?"

"Safari hii si yeye."

Digory akavua kofia. "Hilo sikulijua, haki ya Mungu. Mtoeni. Ni mimi. Nililing'oa kwa mtaimbo, nikalilaza juu ya mbao, farasi akalikokota. Hakuna aliyenisaidia."

"Kwa nini?"

"Njooni muone."

Nyuma ya nyumba, jiwe lilikuwa limesimama wima. Pembeni yake aliketi mwanamke mzee aliyevaa koti la mumewe, kiganja chake kikiwa juu ya jiwe. Alikuwa Honor, mke wa Digory.

"Akili imemwondoka kidogo kidogo," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Anajiona bado msichana. Zamani alikuwa akimngoja baba yake pale jiweni, ashuke na kondoo. Sasa kila jioni anatoka kwenda kumngoja. Nimeshamtoa kwenye kinamasi, maji yamemfika shingoni. Nikafunga mlango, akaupiga mpaka mikono ikatoka damu. Nikamsimikia jiwe jingine hapa, akalipapasa, akasema silo. Hili lina kishimo juu, kidole gumba chake kinaingia. Basi nikamletea."

"Ungeomba msaada."

"Wangempeleka kwenye nyumba ya wazee. Nitaamkaje mimi asubuhi, Merryn, kitanda kitupu?"

Jiwe lilikuwa mali ya nchi nzima, lazima lirudi, na likirudi Honor angelifuata. Siku moja hangewahiwa kinamasini. Inspekta alimwonea huruma mzee yule kuliko alivyopenda.

"Akikuuliza baba yake yuko wapi, unamwambiaje?"

"Ukweli. Kwamba alishakufa. Mke wangu sijawahi kumdanganya."

"Anafanyaje?"

"Analia. Halafu anasahau, anarudi kungoja."

Luscombe akachuchumaa kando ya Honor. Mama yule akamwangalia kwa matumaini.

"Wewe unatoka juu? Umemwona baba?"

Inspekta, ambaye maisha yake yote alikuwa amewabana waongo, hakupepesa macho. "Nimemwona. Kondoo wote wazima. Amesema uingie ndani ukateleke birika, anakuja, baridi imemwingia."

"Si angesema mapema! Atakuta maji hayajachemka." Honor aliondoa mkono wake jiweni, akainuka, akaingia jikoni, akaufunga mlango mwenyewe.

Digory aliutazama mlango ule. Kisha akakaa pale alipokuwa amekaa mkewe.

"Kila jioni," alisema. "Kila jioni nimekuwa nikimfisha baba yake, mimi huyu huyu, nikamwacha alie."

Alilia, na maofisa wale wawili wakamwacha alie. Alipomaliza, alijifuta uso kwa kofia.

"Jiwe lichukueni," alisema. "Na mimi nichukueni. Lakini baada ya chai, jamani. Ameshateleka."